Usukani Uliopinda wa Honda ya Mzee

Kwa miaka karibu miwili nilikuwa najua nina shida ya bega. Nikitoka Buruburu, hapa Nairobi, kwenda tao, nikifika City Stadium bega la kulia limeanza kuuma, nikabadilisha mto, nikapaka zile dawa za kuchua zinazonuka mpaka mama watoto akaniambia nilale sebuleni, wapi. Siku moja tumekwama kwa jam ya Jogoo Road, kijana wa boda akasimama kando yangu, akaangalia pikipiki, akaniangalia mimi, akasema, "Mkubwa, hiyo usukani imepinda, unaendesha kama mtu anachungulia dirisha ya jirani." Magari yakasonga, akaenda zake.

Nilifika nyumbani nikasimama mbele ya pikipiki kama mtu anapiga picha ya kitambulisho. Upande mmoja ulikuwa chini. Si kidogo, karibu vidole viwili. Na unajua kitu cha ajabu, nilikuwa naona hivyo kila siku, ni vile tu nimeiona hivyo tangu nikiwa mtoto nikadhani Honda ndio waliamua.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya 1979, ya baba yangu. Alikuwa afisa wa kilimo huko Murang'a na hii kitu ilipanda milima yote ya chai na kahawa ikiwa na yeye, begi la makaratasi, na wakati mwingine jogoo aliyepewa na mkulima. Honda walitoa CG mara ya kwanza 1976 baada ya kuona vile watu wa nchi kama zetu wanatumia pikipiki, mzigo mwingi, oili inabadilishwa ikikumbukwa, kwa hivyo wakaacha injini ya kemshafti ya juu (ile shafti ya kufungua valvu ikikaa kichwani mwa injini) wakarudi kwa ile ya fimbo za kusukuma valvu, rahisi, ngumu, haina maringo. Cheni wakaifunika yote isiingie vumbi. Wachina wakaja wakainakili hiyo injini, na boda nyingi unazoona mjini ni wajukuu wake. Ndio maana mtu ana pikipiki ya zaidi ya miaka arobaini na bado anapata spea. Ukiniuliza mimi, kuna pikipiki nyingi za zamani zenye sura nzuri kuliko CG, lakini hizo utazipiga picha tu, hutaenda nazo kununua maziwa.

Nikampigia simu. "Baba, hii usukani ilipinda lini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni ng'ombe."

Ilikuwa 1987, barabara ya Kangema, ng'ombe akashuka kutoka kwa ukingo bila kuangalia, baba akaingia kwa shamba la chai na pikipiki ikamfuata. Ng'ombe hakuumia, hata hakuacha kula. Baba akaingiza kipande cha bomba kwa ule upande uliopinda, akauvuta mpaka ukaonekana sawa kwa macho yake, akaendelea na kazi. Kwa hivyo bega langu lilikuwa linalipa deni la ng'ombe wa 1987.

Fundi wangu wa kwanza aliniambia hakuna haja ya kununua, ataipasha moto ainyooshe, saa moja tu. Hapo tafadhali nisikize. Bomba la usukani likishapinda, pale penye kona chuma kimeshachoka, ukikirudisha unakichosha mara ya pili, na ukikitia moto kinalegea na kromu inageuka rangi kama mafuta kwa maji. Halafu kitakaa sawa miezi kadhaa kikusubiri uingie shimo na breki umeshika. Usukani hauvunjiki ukiwa umeegesha. Nilimwambia fundi asante, nikaenda Grogan.

Ramani inasema Kirinyaga Road lakini watu wa spea bado wanasema Grogan, jina la yule Mwingereza wa kikoloni aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo. Ukipita hapo Jumamosi ukitafuta parking unaelewa kwa nini mtu anaweza kuamua kutembea tu.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimeangalia picha nyingi sana kwa simu, hizi CG na CB, Honda nyingine za zamani, zimekatwa kiti, usukani mfupi wa chini umenyooka kama fimbo, jamaa amevaa koti la ngozi. Nikaona usukani kama huo umetundikwa dukani, 1,200, nikalipa bila hata kuuliza. Mzee mwenye duka aliniuliza, "Kijana, ile ya zamani iko wapi tulinganishe?" Nikamwambia naijua kichwani. Akaninyamazia vile wazee hunyamaza.

Niliufunga Jumapili. Kwanza kebo zote zikawa ndefu, zikafanya mduara mbele ya taa kama masikio ya sungura. Pili nikikata kona mpaka mwisho, kidole gumba kinabanwa kati ya swichi na tangi. Tatu, na hii ndio iliniua, ukiwa na usukani wa chini lakini kiti na pedali za kukanyagia zimebaki pale pale, uzito wa mwili wote unalalia viganja, na injini ya silinda moja inatetemeka, nikifika Muthurwa vidole viwili vya mwisho havina habari. Bega lilipona kweli. Mikono ndio ikafa. Nilivumilia siku nne kwa sababu ya kiburi.

Nikarudi kwa yule mzee, safari hii na usukani wa ng'ombe chini ya kwapa. Hakusema neno, Mungu ambariki. Alichukua futi akapima upana kutoka ncha hadi ncha, kimo kutoka pale panapobanwa hadi pale mkono unashika, na vile ncha zinarudi nyuma kuelekea kwa dereva. Upande mzuri ndio alipima, akazidisha kwa mbili. Unene haukuwa shida, pikipiki nyingi za Japani za zamani ni bomba la milimita 22, lakini kuna hizi za kisasa zinanenepa katikati mpaka 28 na kitu na hizo haziingii kwa vibano vya zamani hata ubembeleze. Pia akanionyesha ile sehemu ya katikati yenye mikwaruzo, akasema usukani usio na mikwaruzo utazunguka ukipiga breki kali. Alipanda ngazi akatoa mmoja wenye vumbi, wa chuma, kromu safi, akaulaza kwa meza ya kioo. Ncha zote mbili zikakaa sawa. Huo.

Kufunga si kazi ya ajabu, ni kazi ya subira. Niliweka blanketi juu ya tangi (niliacha kufanya hivyo mara ya kwanza na kuna alama hapo mpaka leo), nikapiga picha kila waya na kila kebo inapitia wapi, nikatoa saidimira. Kwa Honda zote mbili zinafunguka kawaida, lakini kama yako ni Yamaha ya kulia inafunguka kinyume, nimeona mtu akikata bolti kwa kulazimisha. Gripu za zamani niliingiza bisibisi nyembamba, nikamwaga maji ya sabuni, zikateleza zikatoka. Zile mpya usitumie sabuni, maana sabuni haiendi popote, itabaki hapo na gripu itazunguka mkononi ukiwa katikati ya barabara ya Outering. Mimi nilitumia hea sprei, ile ya nywele, ya mama watoto, inateleza ukiwa unaingiza, ikikauka inashika kama gundi. Ameniambia niinunue nyingine. Na gripu mbili si pacha, ya kulia tundu lake ni kubwa kwa sababu inakaa juu ya bomba la aksileta, usipigane na ya kushoto ukidhani umeuziwa feki kama mimi.

Breki ya mbele ya CG yangu ni ya dramu inavutwa na kebo, kwa hivyo hakuna mambo ya mafuta ya breki kumwagika. Tatizo lilikuwa swichi. Ndani ya kasha la swichi kuna kijipini kidogo kinachoingia kwa tundu la usukani ili swichi isizunguke, na usukani mpya hauna tundu. Wengine hukata hicho kijipini na kukitupa, mimi nikatoboa. Kabla ya kutoboa funga kila kitu ukilegeza, kaa juu ya pikipiki, funga macho, shika kama unaendesha, vidole vikae juu ya lever bila kifundo cha mkono kupinda, ndipo uweke alama na kalamu. Nilifanya hivyo kwa upande mmoja. Ule mwingine nilikadiria. Swichi ya taa sasa inaangalia juu kidogo kama mtu anasikiza mahubiri.

Vibano vina bolti nne, spana namba 12. Usimalize moja ndio uende nyingine, zungusha kidogo kidogo, na kama vibano vyako vina alama iliyogongwa, iangalie mbele, kaza bolti za mbele kwanza. Usining'inie kwa spana.

Nilipiga kiki, ikawaka mara ya pili, nikajisikia injinia. Nikageuza usukani kushoto mpaka mwisho na Honda ikaanza kupiga kelele yenyewe, rrraaaah, paka wa jirani akapotea, mimi nikazima nikitetemeka. Kebo ya aksileta nilikuwa nimeipitisha upande usio wake wa shingo ya fremu, kwa hivyo ukikata kona inavutwa. Picha ilikuwa kwa simu, mfukoni, sikuwa nimeiangalia. Fikiria hiyo ingetokea nikigeuza U katikati ya matatu. Siku hizi nikigusa kitu chochote huko mbele lazima niache injini inguruma polepole nigeuze kushoto mwisho, kulia mwisho, nisikize. Sauti isibadilike hata kidogo.

Bega limepona, mikono imepona. Mwezi uliopita baba alikuja kliniki akalala kwetu, asubuhi akataka kuiona. Ana miaka 78. Akaikagua pande zote, akapanda, akazunguka uwanja wa nyumba zetu mara moja polepole, watoto wa jirani wanakimbia nyuma yake. Akarudi, akazima, akabaki amekaa ameushika huo usukani, ananiangalia.

"Umeharibu," akasema. "Imepinda."