Siku Moja Maishani Mwangu: Mezani pa Sarafu za Shaba

Saa moja na nusu asubuhi nashuka kwenye matatu nikiwa nimejikunyata ndani ya koti, kwa kuwa Julai ya Nairobi haina mzaha. Natembea hadi chumba changu kidogo cha ghorofani karibu na Soko la Jiji, ambako huwapimia wakusanyaji hali na rangi ya sarafu kuukuu. Wengi huyalalamikia mawingu ya majira haya, ila mimi huyapenda, kwa sababu mwanga wake ni tulivu. Meza yangu iko kwenye dirisha la kusini, lisiloingiza jua moja kwa moja. Wenzetu wa Ulaya husisitiza dirisha la kaskazini, lakini hapa karibu na ikweta jua la Julai hupita kaskazini. Desemba ikikaribia, meza nayo huhama.

Saa mbili naanza na ndururu, zile senti tano za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Kwa kuwa hazina uso wa mfalme, sina nywele wala shavu la kutazama, basi macho yangu huenda kwenye taji lililo juu ya tundu, kisha kwenye pembe mbili za ndovu zilizolikumbatia tundu hilo upande wa pili. Mchakao wa kweli huanzia palipoinuka, na huja na rangi yake, maana shaba iliyosuguliwa na vidole na mifuko hufifia ikapoteza mng'ao. Palipo bapa lakini pangali na mng'ao uleule wa sehemu nyingine, sarafu haikuchakaa. Ni mashine iliyoigonga kwa ulegevu tangu kiwandani. Kosa hili la kuchanganya mambo mawili nililifanya miaka mingi, na liliwagharimu watu fedha.

Alama natoa kwa kipimo cha 1 hadi 70, ambacho Mmarekani William Sheldon alikitangaza mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Rangi huandikwa kando: nyekundu, nyekundu yenye hudhurungi, au hudhurungi.

Saa tano anaingia bibi mmoja kutoka Pumwani, mkononi ana kopo la majani ya chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea hela za marehemu babu yao. Mjukuu wangu kazisugua jana kwa ndimu na chumvi, zimekuwa kama mpya."

Moyo unaniingia baridi kabla kopo halijafunguliwa. Ndani mna sarafu za senti kumi za mwaka 1936, nazo zina tundu na taji, zenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza ambaye hakumaliza mwaka kwenye kiti. Watu hudhani kwa sababu hiyo ni adimu, kumbe zilitengenezwa kwa wingi. Thamani yake iko katika hali yake. Naishika moja kwa ukingo, kwani alama ya kidole huweza kubaki kwenye shaba daima, na kuiweka chini ya lenzi. Imekuwa ya waridi kama ufizi wa mtoto. Taji limelika hadi vito vyake havionekani, na kwenye ukingo wa tundu kumesalia unga wa kijani. Sarafu iliyochakaa kiasi hicho haiwezi kuwa nyekundu: wekundu wa kiwandani hutoweka mapema sana, kabla taji halijaanza kulika. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huitilia shaka papo hapo, na angeilipia zaidi ikiwa na hudhurungi yake iliyoenea sawasawa.

Namweleza bibi taratibu. Anacheka, kisha anatoa leso iliyofungwa fundo. "Hii aliisahau."

Ni sarafu ya Mombasa iliyoitwa pesa, ya mwaka 1888, yenye picha ya mizani, rangi yake kama kahawa iliyokaangwa vizuri. Hakuna aliyeigusa.

Mchana unapita kwa bahasha na maandishi. Ninaandika "imeoshwa" mara kumi na moja, na kila mara inaniuma. Saa kumi na moja mwanga unaanza kufifia. Balbu yangu ya manjano huongeza wekundu kwenye kila shaba, kwa hiyo ile ya mizani naifunga tena ndani ya leso yake, nikaiweka kabatini ingoje mwanga wa kesho.