Outspan, Treetops na hadithi iliyosimuliwa nusu

Leo nimeshinda Nyeri. Asubuhi nilikaa kwenye bustani ya Hoteli ya Outspan nikiutazama Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika.

Outspan ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Baden-Powell mwenyewe alikuja kumalizia uzee wake hapa, katika kijumba kiitwacho Paxtu, akafariki Januari 1941. Kaburi lake liko papa hapa mjini. Kwenye jiwe pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimekwenda nyumbani. Skauti wa nchi za mbali bado huja kulizuru, na hao hawahitaji kubembelezwa.

Lakini moyo wangu uko kwa Treetops, mdogo wake Outspan, kule msituni Aberdare. Walker aliijenga mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo, vyumba viwili tu, wageni wakeshe wakitazama ndovu na nyati wakija kunywa maji. Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952 Elizabeth alilala pale akiwa binti wa mfalme. Usiku huohuo baba yake akafariki Uingereza, na habari zikamfikia mahali paitwapo Sagana, akiwa tayari malkia. Hoteli ikaishi kwa hadithi hiyo miaka na miaka.

Ile nyingine husimuliwa harakaharaka. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na utawala wa Waingereza, waliiteketeza Treetops. Mugumo ni mti ambao Wakikuyu waliomba Mungu chini yake. Sasa juu yake walikuwa wanakaribishwa wenye kuitawala nchi, waje kustarehe. Mimi siushangai moto ule. Hoteli mpya, kubwa zaidi, ilisimamishwa juu ya nguzo mwaka 1957, mwaka uleule Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mwana wa Nyeri, aliponyongwa katika gereza la Kamiti. Kwangu, mambo hayo mawili hayatenganiki.

Mwaka 2021, korona ikiwa imewakausha wageni, Treetops ikafungwa. Niliumia. Mbao hazivumilii kuachwa kwenye mvua na ukungu wa Aberdare, na hoteli iliyomtegemea mtalii wa ng'ambo haina wa kuikimbilia ndege zinaposimama. Tena waliovutwa na kisa cha malkia wanazeeka, na yeye mwenyewe alifariki 2022. Hata Outspan naihofia kwa sababu hiyohiyo.

Natamani hoteli hizi zitugeukie sisi. Watoto wa shule za Tetu, alikozaliwa Kimathi, walale Treetops usiku mmoja kwa bei ambayo wazazi wao wanaiweza, waone ndovu, kisha waambiwe bila kufichwa nani aliichoma na kwa nini. Wenye hoteli wakiufungua mlango huo, nauli ya basi la kwanza nitachanga mimi.