Yatima wa AUR

Jumapili, usiku

Kile kisomaji cha kamusi ninachokitunzia kifurushi AUR (hazina ya Arch Linux, ambako watumiaji wenyewe huweka hati za kusimika programu) kimekubali kujengeka tena. Tangu GCC 14, toleo la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), itoke Mei 2024, programu nyingi kongwe za lugha ya C zimekuwa zikigoma. Zamani ukiita fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ambayo hukuitangaza, kompaila ilikupa onyo na kuendelea na kazi yake. Sasa inakataa hapo hapo. Programu zenye wenyewe zilirekebishwa na wenyewe. Zile ambazo waandishi wake walishaondoka zimetuangukia sisi tunaoshika vifurushi.

Njia ya mkato ipo. Unaongeza -fpermissive kwenye amri ya kukompaili, makosa yanarudi kuwa maonyo, unakwenda kulala. Sikuitaka, kwa sababu kompaila haikuwa inasumbua bure. Fanksheni isiyotangazwa huchukuliwa kuwa inarudisha namba ya kawaida, biti 32. Kama kumbe inarudisha anwani ya kumbukumbu, kwenye mashine ya biti 64 nusu ya anwani hiyo hupotea, na programu huanguka siku isiyotarajiwa. Basi nikapita faili moja baada ya jingine nikiongeza matangazo yaliyokosekana. Kazi ya kuchosha, na hakuna atakayeiona.

Nilichonacho mimi ni PKGBUILD tu: hati fupi inayoeleza msimbo uchukuliwe wapi, ujengwe vipi, usimikwe wapi. Programu si yangu. Hilo halimzuii mtu kuniomba niweke mandhari meusi, au kuniuliza kwa ukali kwa nini Kiarabu kinaonekana kinyumenyume. (Swali zuri, kwa kweli. Sina jibu.)

Tovuti ya mwandishi ilishazimika. Jina la tovuti likiachwa, yeyote anaweza kulinunua na kuweka hapo kitu kingine chenye jina lile lile la faili, kwa hiyo nilihamishia kiungo kwenye hifadhi ya Debian, mfumo mwingine wa Linux, ambako matoleo ya zamani ya msimbo hutunzwa. Alama ya sha256, ambayo hubadilika faili likibadilika hata kidogo, niliikuta kwenye PKGBUILD tangu enzi za mtunzaji wa kwanza, nililinganisha, zikafanana. Hapo roho ilitulia.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisikiachilie tu kifurushi hiki, atakuja mtunzaji mwingine. Ndiyo, atakuja, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Adobe waliacha kutoa Adobe Reader, kisomaji chao cha PDF, ya Linux mwaka 2013, lakini kifurushi chake, acroread, kiliendelea kuwepo AUR kwa sababu watu walikihitaji. Kikakosa mtunzaji. Julai 2018 mtu akakichukua, jambo ambalo kwa mwenye akaunti ni kubofya tu, akaongeza mstari uliopakua skripti kutoka nje na kuipanga ijiendeshe kila baada ya sekunde 360, ikikusanya taarifa za kompyuta. Likagunduliwa mapema, mabadiliko yakafutwa na akaunti ikafungwa. Jina la kifurushi lilikuwa lile lile watu walilolizoea, na nani husoma PKGBUILD ya kitu anachokisasisha kila siku?

Hata hivyo kushikilia nako kuna uongo wake. Kifurushi kinachojengeka vizuri humfanya mtu aamini kwamba kuna anayeiangalia programu. Hakuna. Mimi naweza kuifanya ikubaliwe na kompaila mpya, lakini sijaupitia msimbo wote unaosoma mafaili ya kamusi, na ni wa enzi ambazo watu hawakujali sana kupima urefu wa data kabla ya kuinakili. Nimewahi kufikiria kuomba kifutwe kabisa. Kama kungekuwa na kisomaji kingine kinachofungua kamusi za mtindo huu wa zamani, ningeshaomba.

Kwa sasa nimebadilisha maelezo ya juu: programu hii haina mwandishi tena, hitilafu za usalama hazirekebishwi, usifungue nayo kamusi usiyojua ilikotoka. Maoni ya kwanza yameshaingia. Anauliza kama mandhari meusi bado yanakuja.