Macho yangu bado yanatazama viuno

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Tanga, baada ya miaka kumi na moja Houston, jimbo la Texas, Marekani. Nilijiandaa kuulizwa mishahara na baridi. Mtoto wa kaka yangu, wa darasa la sita, ana swali lake moja tu: "Eti shangazi, kule watu wanatembea na bastola kiunoni kama simu?"

Wapo. Ila si tangu zamani, na hapo ndipo watu hawaniamini. Texas hiyohiyo ya makauboi ilipiga marufuku kutembea na bastola mwaka 1871. Miaka ya tisini wenye leseni wakaruhusiwa kuibeba kwa kuificha. Kuivaa wazi kumeanza Januari 2016, nikiwa hukohuko, na Septemba 2021 hata leseni ikaacha kuwa lazima. Ukiwa na miaka 21, na sheria haikuzuii kumiliki silaha, unaitia kwenye mkoba wake kiunoni unakwenda zako.

Wa kwanza nilimkuta kwenye foleni ya supamaketi. Kaptura, kandambili, mkono huu maziwa, mkono huu nepi za mtoto, na ubavuni kitu cheusi ambacho mpini wake umeng'aa kwa kushikwashikwa. Nikahama foleni. Dada mmoja Mkongomani niliyefanya naye kazi alinicheka sana, kisha akanipa somo: usimkodolee macho, usimwombe akuonyeshe, na anayejiheshimu haigusi anapoongea na wewe. Kuichomoa ili kutisha watu ni kosa.

Adabu nyingine imeandikwa mlangoni. Mwenye jengo asiyetaka bastola ya wazi anabandika tangazo linaloitwa 30.07, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja. Ya kufichwa ina tangazo lake, 30.06. Wengine wanabandika yote mawili, mlango unakuwa kama ukurasa wa gazeti la serikali. Baa zinazopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa palepale zina tangazo lenye namba hiyo kwa wekundu: humo huingii nayo. Nimeona wageni wakisoma, wakiguna, wakirudi kuiacha kwenye gari. Wezi wa magari nao wanajua kusoma.

Nikamweleza kijana kwamba huku raia akitaka silaha kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, lazima upite polisi, na bastola si kitu cha kuvaa sokoni. Akanitazama.

"Na yule Mmasai anayelinda duka? Ana sime na rungu, mbona hukuhama?"

Kweli sikuhama. Nilimsalimia nikapita. Sime nimekua nikiiona, ndiyo jibu pekee nililopata, na hakuliafiki.

Juzi tulikuwa Ngamiani, mimi na yeye. Mbele yetu jamaa akapandisha shati, kiunoni kitu cheusi cha mraba. Nilishtukia nimeshamvuta mtoto hadi ukutani, mfuko wa nyanya umedondoka. Jamaa akachomoa tepu, akaanza kupima mlango wa duka. Fundi.

Mtoto alicheka hadi akachuchumaa. Fundi akageuka, akatuona tumeganda ukutani.

"Shikamoo mama. Na wewe una mlango?"