Kutengeneza ngozi kwa kromu: iingie kwanza, ndipo ishike

Ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi ya madini ya kromu, inayoharibika huwa imeharibika kwa sababu moja kati ya mbili: kromu ilishika kabla haijaingia, au iliingia ikatoka kwa kuwa haikushikishwa. Mimi hutengeneza ngozi za mbuzi kwa mafungu madogo, katika pipa la plastiki linalozungushwa kwa mota mizunguko 8 hadi 10 kwa dakika, na kila hatua naipanga kwa kuangalia jambo hilo moja. Vipimo hapa chini ni vya kilo 10 za ngozi iliyokwisha kunyonyolewa manyoya, kuparuliwa nyama na kuchuruzishwa maji. Uzito huo ndio msingi wa hesabu yote. Ukipima ngozi kavu yenye chumvi kisha ukatumia hesabu hizi, dawa zote zitakuwa nje ya kipimo.

Hatua za mwanzo nitazipitia haraka. Ngozi hulowekwa mpaka ilainike kote, kisha hukaa saa 18 hadi 24 katika chokaa asilimia 4 na sulfidi ya sodiamu asilimia 2 mpaka manyoya yatoke yenyewe. Baada ya kuparuliwa na kuoshwa, hutolewa chokaa kwa salfeti ya amonia gramu 200 hadi 250 katika lita 10 za maji ya nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, kwa muda wa saa moja hivi. Hapo usiamini macho wala saa. Kata kipande kidogo shingoni, sehemu nene kuliko zote, udondoshee finofthalini, dawa ya kupimia, kwenye mkato. Ukiona waridi katikati, chokaa bado imo, na chokaa hiyo itakuja kula asidi yako baadaye. Mkato ukibaki bila rangi, ngozi iko tayari kwa kimeng'enya cha kulainisha, gramu 50 kwa nyuzi 35 hadi 37, nusu saa. Bonyeza kwa kidole gumba: alama ikibaki, inatosha. Ukizidisha, uso wa ngozi utalegea na hakuna dawa itakayourudisha.

Osha kwa maji mengi ya baridi kabla ya kwenda mbele. Huku kuosha si usafi tu. Sulfidi iliyobaki ikikutana na asidi hutoa gesi ya haidrojeni sulfidi, gesi inayoua, na ikizidi hewani pua huacha kuisikia harufu yake. Maji ya chokaa na maji ya asidi yasikutane kamwe, hata kwenye mfereji mmoja, na pipa lifunguliwe mahali penye upepo.

Sasa chumvi na asidi, hatua ambayo wengi huifanya kwa kukadiria. Tia lita 8 za maji baridi, chini ya nyuzi 25, na chumvi gramu 800. Zungusha dakika 15, kisha pima kwa kipima chumvi: isishuke chini ya nyuzi 6 za Baumé. Chumvi lazima itangulie. Asidi ikiikuta ngozi isiyo na chumvi ya kutosha, nyuzi za kolajeni, protini inayoiunda ngozi, hunywa maji na kuvimba, ngozi inakuwa nene na yenye kung'aa kama plastiki, na uvimbe huo hukata nguvu za nyuzi. Ngozi itakuja kuchanika mkononi ikiwa imekamilika, na wewe utailaumu kromu.

Chumvi ikishaingia, tia asidi fomiki gramu 50 iliyozimuliwa mara kumi, uzungushe dakika 30. Kisha asidi ya sulfuri gramu 120, nayo ikiwa imezimuliwa mara kumi na kuachwa ipoe. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji polepole. Ukimimina maji kwenye asidi, itachemka na kuruka usoni. Igawe mara tatu, dakika 20 kati ya fungu na fungu. Zungusha saa mbili, uache ngozi zilale humo usiku kucha. Asubuhi maji yanatakiwa kuwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya 2.8 hadi 3.0, lakini kipimo cha maji peke yake hudanganya: maji yanaweza kuwa makali huku katikati ya ngozi hakujafika kitu. Kata tena shingoni, dondoshea bromokresoli ya kijani, dawa nyingine ya kupimia. Mkato mzima uwe njano. Mstari wa kijani au buluu katikati maana yake asidi haijafika. Ongeza muda, na pH ya maji ikiwa imepanda juu ya 3, ongeza asidi kidogo.

Taabu yote hii ina sababu yake. Kromu hushika kwenye vikundi vya asidi vilivyomo ndani ya kolajeni, nayo huvishika pale tu vikiwa na chaji ya umeme. Katika pH ya chini chaji hiyo imefunikwa, kwa hiyo kromu hupita katikati ya nyuzi bila kushikwa mlangoni. Ukiiweka kromu kwenye ngozi ambayo haijapata asidi ya kutosha, tabaka la juu litaimeza yote na kufunga njia, na utapata ngozi ya buluu nje, nyeupe ndani, ngumu, yenye uso uliokunjamana.

Kromu ninayotumia ni salfeti ya kromu ya unga wa kijani, yenye ubesi (kiasi ambacho asidi yake imekwisha kupunguzwa) wa asilimia 33 na oksidi ya kromu asilimia 25 hivi. Kwa kilo 10 hutosha gramu 700. Naitia kwenye maji yale yale ya chumvi na asidi, gramu 350 kwanza, na 350 nyingine baada ya saa moja. Maji mapya hayatakiwi hapa, kwa sababu yataipunguza chumvi na ngozi itaanza kuvimba. Baada ya saa mbili hadi tatu kata mkato. Buluu iwe imefika mpaka katikati, hata kama ni hafifu. Kama kuna ukanda mweupe, subiri. Hakuna kinachopotea kwa kusubiri katika hatua hii, maana pH ikiwa chini kromu bado inatembea.

Ikishaingia, ndipo huambiwa ishike, na hapo kazi inakwenda kwa kupandisha pH taratibu. Naanza na fomati ya sodiamu, chumvi ya asidi fomiki, gramu 100, nusu saa, inayoifanya kromu ipokee mabadiliko kwa upole. Kisha bikaboneti ya soda gramu 80 hadi 100, iliyoyeyushwa katika lita 2 za maji ya uvuguvugu, igawiwe mafungu manne, nusu saa kati ya fungu na fungu. Maji yasiwe ya moto. Bikaboneti ikipata joto huanza kugeuka kaboneti, ambayo ni kali zaidi, na utakuwa umetia kitu tofauti na ulichopima. Fungu la mwisho likiisha, acha joto la pipa lipande hadi nyuzi 38 au 40, uendelee kuzungusha saa mbili au zaidi. pH ya mwisho iwe 3.8 hadi 4.0, na maji yawe yamepauka, ishara kwamba kromu imehamia kwenye ngozi.

Haraka katika hatua hii ndiyo chanzo cha madoa ya kijani kibichi. Pale bikaboneti inapodondoka kwa wingi, pH hupanda ghafla, kromu huganda kuwa tope na kukaa juu ya uso wa ngozi. Doa hilo halioshwi kwa maji. Kwa hiyo mimina pipa likizunguka, wala usimimine moja kwa moja juu ya ngozi.

Jaribio la kuchemsha ndilo hakimu. Kata kipande shingoni, chora mzingo wake kwenye karatasi, kichemshe dakika 2, kisha kirudishe juu ya mchoro. Kisiposinyaa, au kikisinyaa kidogo tu, kromu imeshika. Kikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, pima pH kwanza. Ikiwa bado iko 3.5, tatizo ni kushika, ongeza bikaboneti kidogo kidogo. Ikiwa imefika 4 na mkato una ukanda uliopauka, kromu haikuingia au ilikuwa chache, na kuongeza bikaboneti kutazidisha ubaya. Ngozi mbichi husinyaa kwenye nyuzi 60 na kidogo, kwa hiyo kipande kinachostahimili nyuzi 100 kimebadilika kweli.

Shabu, ambayo ni chumvi ya alumini, nayo ni madini, na wanaoitaka ngozi nyeupe au ngozi yenye manyoya huitumia kwa haki kabisa: shabu gramu 1,000 na chumvi gramu 500 kwa kilo 10, kwa mwendo ule ule wa kuingia kisha kushika. Ila alumini hushika kwa unyonge. Maji huitoa, na jaribio la kuchemsha huishinda. Kwa kiatu au mkoba wa kunyeshewa, mimi siitumii.

Ngozi za buluu zikitoka, zipange zikiwa zimelala bila mikunjo, uzifunike kwa plastiki saa 24 hadi 48. Kromu bado inaendelea kufunga humo ndani. Kona zikikauka mapema hazitapokea mafuta wala rangi sawasawa.

Baada ya kukunwa hadi unene unaotakiwa, pima uzito upya, maana hesabu sasa inafuata uzito huu mpya. Punguza ukali kwa fomati asilimia 1 na bikaboneti asilimia 0.5 hadi 1 mpaka pH 5 hivi, uoshe, kisha mafuta ya ngozi yanayochanganyika na maji, asilimia 8, yaliyokorogwa katika maji ya nyuzi 60, yazungushwe dakika 45 hadi saa moja. Funga kwa asidi fomiki asilimia 0.5 mpaka maji yawe maangavu. Ngozi inayoteleza mafuta juu na kuwa ngumu ndani haikupunguzwa ukali ipasavyo, mafuta yaligandia usoni. Iwambe ikauke kivulini, na ikiwa bado na unyevu kidogo ivutwe na kusuguliwa juu ya ubao butu kila upande.

Maji ya kromu yaliyobaki hayamwagwi. Tia maji ya chokaa mpya, si yale yenye sulfidi yaliyotolea manyoya, mpaka pH 8.5 au 9, uyaache usiku kucha. Kromu hutua chini ikiwa tope la kijani, maji ya juu huchotwa na kupimwa, na tope hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye chombo kilichofungwa hadi lipelekwe panapopokelewa taka za kemikali. Usilitie dawa ya kupaushia, wala usichome mabaki ya ngozi ya buluu: kromu ya tatu, aina iliyomo humo, inaweza kugeuka kromu ya sita, aina nyingine inayosababisha saratani.