Moshi tuliokua nao Dandora

Kuna mtu nimeona analalamika huko mtandaoni ati siku hizi hewa ya Nairobi imechafuka, nikajiuliza, kwani sisi wa Dandora miaka ya tisini tulikuwa tunavuta nini? Jaa letu la taka lilifunguliwa 1975 kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na kufikia wakati mimi najifunza kuandika jina langu lilikuwa limeshakuwa mlima na unaungua kutoka ndani, hata kama hakuna mtu ameuwasha, taka zikioza zinatoa gesi, gesi inashika moto, na moto ukishaingia huko chini mvua inanyesha wiki nzima na bado unafuka tu.

Asubuhi za Julai ndio zilikuwa mbaya kabisa, ile baridi inalala chini na moshi unalala nayo haupandi. Tunaenda shule tumeziba pua na sweta, aliye mbele humwoni, unasikia tu viatu. Jioni unakuja ule mweusi wa vijana wanaochoma waya wapate kopa ya kuuzia watu wa skrapu. Huo ulikuwa na ladha jamani. Unakaa kwa ulimi kama umelamba betri na hata chai haiutoi. Mama akianua nguo, shati jeupe la shule lina vidoti vyeusi, ukivipangusa vinapakaa, kwa hivyo alitufundisha kukung'uta tu, usiguse.

Dadangu mdogo alikuwa na pumu. Usiku mama anamketisha wima anamsugua mgongo, dirisha limezibwa na matambara moshi usiingie, na ndani kuna jiko la makaa kwa sababu ni baridi. Kliniki wanatupa dawa ya kikohozi, tunarudi palepale.

Halafu 2007 UNEP, wale watu wa mazingira wa Umoja wa Mataifa, ambao ofisi zao ziko hapo tu Gigiri, wakapima watoto 328 wa karibu na jaa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi (lead) kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kilicho salama. Petroli yenye risasi nayo Kenya iliiacha 2006, kumaanisha zile matatu tulizokuwa tunakimbiza barabarani zilikuwa zinatuongezea. Nikiwaza hayo nawakumbuka wale wenzangu waliokuwa wakiitwa wajinga, wakichapwa kwa sababu walichofundishwa jana leo kimepotea kichwani. Hakuna aliyewahi kuwapima damu.

Jaa lilitangazwa kuwa limejaa 2001. Lori bado zinaingia. Mpwa wangu anaishi hapo karibu, na ameanza kile kikohozi cha usiku, nikimsikia kwa simu roho inaniuma. Nataka apimwe damu, na watoto wote wa hapo wapimwe, sio utafiti wa mara moja watu waende zao, kila mwaka, kwenye zahanati ya serikali, bure.