Nilivyohesabu Pumzi za Otieno

Mwanangu aliitwa Otieno kwa sababu alizaliwa usiku, na kwa takriban mwaka mmoja na nusu usiku ndio uliotutesa. Alianza kukoroma alipokaribia kutimiza miaka minne. Nyumba yetu ya Migosi, hapa Kisumu, ina vyumba viwili tu vya kulala, na mkoromo wake ulifika hadi sebuleni. Wageni walipousikia walitabasamu wakasema kwamba mtoto amecheza akachoka, sasa amelala fofofo. Mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto saba na ambaye neno lake nalipa uzito, alinituliza kwa kusema kwamba Baba Otieno naye alikoroma hivyo hivyo utotoni. Niliamini, kwa kuwa maisha yangu yote mtu aliyekoroma nilimhesabu kuwa amelala vizuri.

Kilichonitia shaka hakikuwa mkoromo bali kimya kilichoukatiza. Usiku mmoja umeme ulipotea, joto likawa kali, nikaenda kumpepea. Nilipoketi kando ya chandarua nilimsikia akikoroma mara nne au tano, kisha akanyamaza ghafla. Tumbo liliendelea kupanda na kifua kikabonyea kwa ndani, ikawa wazi kwamba mwili wake unahangaika kuvuta hewa, lakini hewa haikupita. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, alishtuka, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu anayeibuka kutoka ziwani, akajigeuza, na mkoromo ukaanza upya bila yeye kuamka. Shingo yake ilikuwa imepinda kwa nyuma, na shuka lilikuwa limelowa jasho hata upande ambao haukuwa na mto.

Tangu usiku huo nilianza kuunganisha mambo ambayo awali niliyaona kila moja peke yake. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, kisha akaanza tena. Alikula polepole sana, kwa sababu mtu anayepumua kwa mdomo hawezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja, na alipofikisha miaka mitano alikuwa na kilo 15 tu. Mchana hakusinzia hata kidogo, jambo lililonipotosha kwa muda mrefu, kwani mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, ilhali watoto wengi huhangaika, hukasirika upesi na hushindwa kutulia. Mwalimu wake wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, aliniita mara mbili kunieleza kwamba hakai kwenye kiti. Nilimkemea kwa utundu huo, na nilimkemea pia kwa godoro lililolowa. Hilo la pili bado linaniuma.

Tulikwenda zahanati mara tatu. Kila mara koo lilimulikwa, likaonekana limevimba, tukapewa dawa ya kuua bakteria na ya mafua. Siwalaumu waliotupokea, kwa maana walimpima mtoto aliye macho, naye alipokuwa macho alipumua vizuri kiasi cha kuridhisha mtu yeyote. Katika kipindi hicho hicho jirani mmoja aliyenitakia mema alinishauri tumpeleke kwa fundi wa kukata kimeo. Nilikataa, na ningependa kila mzazi akatae. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati ya koo. Kwa watoto wengi walio na shida hii sicho kinachoziba njia ya hewa, na kukikata kwa wembe nyumbani kumewasababishia watoto kutokwa na damu nyingi na kuambukizwa magonjwa.

Kazi yangu ni kutunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nilifanya jambo ninalolifahamu: nilifungua daftari. Nilipiga mistari ya saa, ya namna alivyolala, ya idadi ya mara pumzi ilipokatika na ya sekunde za ule mkato mrefu kuliko yote. Sikuweza kukesha usiku kucha na kwenda kazini asubuhi, hivyo nilichagua nusu saa mbili, moja kuanzia saa nne usiku na nyingine kuanzia saa kumi alfajiri, nikaendelea kwa siku kumi na mbili. Saa nne nilihesabu mara tatu au nne. Alfajiri nilihesabu tisa, kumi, mara moja kumi na moja, na mkato mrefu kuliko yote ulikuwa wa sekunde 17. Sikuelewa kwa nini alfajiri ilikuwa mbaya zaidi, nami nusura niifute safu hiyo nikidhani kwamba ni uchovu wangu mwenyewe unaohesabu vibaya.

Pamoja na daftari nilirekodi video kwa simu. Ya kwanza haikufaa, kwa kuwa mtoto alikuwa amefunikwa blanketi na sauti iliyosikika ni ya feni. Ya pili nilizima feni, nikaelekeza tochi ukutani ili mwanga usimwamshe, nikamfunua kifua hadi kitovuni, nikanyamaza kimya kwa dakika mbili kamili. Kama kuna jambo moja ambalo ningemwomba mzazi mwenzangu alifanye kabla ya kutafuta hospitali ya tatu au ya nne, ni hiyo video: kifua kionekane, mdomo uonekane, na sauti isikike.

Daktari wa masikio, pua na koo tuliyeelekezwa kwake aliitazama mara mbili kabla hajamwambia mtoto afungue mdomo. Kisha aliomba daftari, akaweka kidole juu ya safu ile ya alfajiri, akanieleza kwamba usingizi wa ndoto huongezeka kuelekea asubuhi, na kwamba katika usingizi huo misuli ya koo hulegea zaidi, hivyo njia iliyo nyembamba huziba kwa urahisi. Alipomchunguza alikuta tonsili zake, yaani tezi mbili za kando ya koo, zimekaribia kugusana. Eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu ilionyesha adenoidi, yaani tezi zilizo nyuma ya pua, zimeacha upenyo mdogo mno wa hewa. Tezi hizi huwa kubwa hasa katika miaka ya kabla ya shule na ya mwanzo wa shule, wakati koo lenyewe bado ni dogo, na ndiyo maana ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini huwapata watoto wengi katika umri huo.

Kipimo kilicho kamili ni cha kulala usiku mzima kwenye maabara ya usingizi, mtoto akiwa amebandikwa nyaya za ubongo, moyo na pumzi. Kwa watoto, kukatika zaidi ya mara moja kwa saa si jambo la kawaida, ingawa kwa mtu mzima hesabu huanzia 5. Kuanzia 10 kwa saa mtoto huhesabiwa kuwa katika hali kali. Sisi tulipimwa oksijeni kwa kifaa cha kidoleni usiku mmoja wodini. Nilikaa macho nikitazama namba ikitoka asilimia 96 ikashuka hadi 81, ikapanda, ikashuka tena kwa mfululizo, na asubuhi daktari alisema kwamba hakuna sababu ya kungoja.

Baba Otieno aliogopa nusukaputi kuliko kisu, na sikumwona mwoga kwa hilo. Tulirudi kwa daktari tukiwa wawili, akatujibu swali baada ya swali. Alipima damu kwa ajili ya seli mundu, ugonjwa ulioenea katika eneo letu la ziwa na ambao daktari wa nusukaputi hana budi kuujua mapema. Majibu yalikuwa mazuri. Alisisitiza kwamba mtoto asirudishwe nyumbani siku ile ile, kwa kuwa walio na hali kali wanaweza kupata shida ya kupumua usiku wa kwanza. Alituonya pia kwamba kodeini, dawa ya kutuliza maumivu, haipewi mtoto baada ya upasuaji huu, kwani miili ya watoto wengine huigeuza kuwa mofini kwa kasi ya hatari. Bima ililipa sehemu ya gharama, na chama changu cha kuweka na kukopa kikanikopesha iliyobaki.

Tonsili na adenoidi ziliondolewa siku moja. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Alilia masikio, ingawa maumivu yalitoka kooni, na koo lilifanya utando mweupe wenye harufu ambao ningeudhania kuwa usaha kama sikuwa nimeelezwa kwamba ni kigaga cha kawaida cha kidonda. Nilimpa paracetamol kwa kufuata saa zilizopangwa, hata alipolala, na uji wa wimbi uliopoa, viazi vilivyopondwa na maji kidogo kidogo. Tulikuwa na mazishi Ugenya, nami nikabaki nyumbani, kwa sababu kati ya siku ya tano na ya kumi utando huo hubanduka na damu inaweza kutoka, nami sikutaka kuwa mbali na hospitali. Siku ya saba alitema mate yenye michirizi ya damu. Tulichukua tuktuk tukafika hospitalini kwa muda mfupi. Damu ilikuwa imekoma, lakini walituweka hadi jioni.

Kukoroma kulipungua baada ya uvimbe kwisha, si usiku ule wa kwanza. Godoro lilikauka kufikia mwezi wa tatu, na baada ya miezi sita mizani ilionyesha kilo 18. Bado hapendi kukaa kwenye kiti, na mwalimu wa PP2 ananiambia kwamba sasa hata hivyo humaliza alichoanza. Daktari ametutaka turudi, kwa kuwa kwa watoto wachache shida hubaki au hurejea. Daftari sijalifunga. Mwezi uliopita alipata mafua, akakoroma siku tatu mfululizo. Niliketi saa kumi alfajiri nikahesabu, na kwa siku zote tatu nikaandika sifuri.